Mashua ya mita 9 na mashua ya sentimita 60: jinsi kompyuta inavyosoma mwendo kwenye video

Siku ya mashindano ya mashua, wakati wa Maulidi, nilisimama ukingoni mwa bahari hapa Amu (Lamu), mgongo nimeuegemeza kwenye ukuta wa mawe, simu nimeishika kwa mikono miwili. Mashua ya ami yangu ilikuwa ya tatu kulizunguka boya. Mabaharia walikuwa wamekaa juu ya ubao uliotokezwa nje upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, maji yakiwarukia miguuni, na tanga limejaa mpaka foromali, ule mti unaobeba tanga, imepinda. Nilirekodi dakika 4 nzima.

Usiku, baada ya isha, ami akaja kukaa barazani. "Haya mwanangu, hiyo simu yako yasemaje? Twalikuwa twaenda mbio kiasi gani?"

Nilikuwa nimemwambia mchana kwamba video ile ikipitishwa kwenye kompyuta itatoa mwendo wa mashua yake. Ilinichukua wiki kadhaa kumjibu. Swali lenyewe ni kongwe katika taaluma ya kufundisha kompyuta kuona: ukipewa mfululizo wa picha, ambazo ni bapa, utajuaje kitu kinakwenda upande gani, kinageuka vipi, na kwa kasi gani katika ulimwengu ambao si bapa? Gari linalojiendesha hulijibu kila sekunde, na droni inayokwepa mnazi hulijibu pia. Mimi lilinijia likiwa na harufu ya mafuta ya papa yaliyopakwa kwenye mbao, na kwa hiyo nitalieleza kwa mashua.

Tuanze na kamera. Nuru inayotoka kwenye nukta yoyote ya mashua hupita kwenye lenzi na kuangukia mahali fulani kwenye picha. Lakini nukta zote zilizo kwenye mstari huo mmoja wa nuru, iliyo karibu na iliyo mbali, huangukia palepale. Kamera huhifadhi upande nuru ilikotoka. Umbali iliosafiri unapotea. Hesabu yake ni fupi: chukua urefu wa kitu, ugawanye kwa umbali wake, kisha uzidishe kwa namba ya lenzi iitwayo umbali wa fokasi. Kwa simu yangu namba hiyo, ikihesabiwa kwa pikseli, vile vinukta vinavyounda picha, ni kama 1500.

Basi mashua ya mita 9, ikiwa mita 300 kutoka niliposimama, huchukua pikseli 45 kwenye picha. Sasa mtazame mtoto aliyesimama majini pale chini ya ukuta, ana kimashua chake cha kuchezea cha sentimita 60, tanga lake ni kipande cha shuka kuukuu. Kikiwa mita 20 kutoka kwangu, nacho huchukua pikseli 45. Mashua kubwa ikienda mita 3 kwa sekunde huhama pikseli 15 kila sekunde. Kile cha mtoto kikienda sentimita 20 kwa sekunde huhama pikseli 15 vilevile. Urefu, umbali, mwendo: vyote vimegawanywa kwa 15, na kwenye picha hakuna hata pikseli moja iliyotofautiana.

Hili si kasoro ya simu ya bei nafuu. Kamera ya bei yoyote, ikiwa moja na haina msaada mwingine, haiwezi kukupa mita. Itakupa umbo la kitu, itakupa upande kinakoelekea, itakupa uwiano wa mwendo kwa umbali. Mita lazima zitoke kwingine. Ninalisisitiza kwa sababu nimeona ripoti nzito zikitaja kasi ya kitu "kutokana na video" bila kusema rula ilitoka wapi, na ripoti ya namna hiyo siiamini.

Hata hivyo, hicho ambacho picha inaweza kutoa ni kingi kuliko nilivyodhani.

Hatua ya kwanza ni kujua kila kipande cha picha kimehamia wapi kwenye picha inayofuata. Simu yangu inapiga picha 30 kwa sekunde, kwa hiyo mashua inayohama pikseli 15 kwa sekunde huhama nusu pikseli tu kati ya picha na picha. Kompyuta inaweza kupima nusu pikseli, kwa sababu hutazama jinsi mwanga unavyopanda na kushuka kutoka pikseli moja hadi jirani yake. Matokeo yake ni ramani ya vishale vidogo, kila kimoja kikionyesha kipande chake kimesogea wapi. Nitaiita mtiririko wa picha. Dhana iliyo chini yake ni kwamba nukta ya kitu hubaki na mwanga uleule inapohama. Kwa mbao za mashua ni kweli, au karibu na kweli. Kwa maji ya bahari saa kumi alasiri si kweli hata kidogo: kila wimbi linawaka na kuzima, na vishale vya kompyuta vinaelekea kila upande kama kuku waliotupiwa mtama.

Halafu kuna tatizo la tundu. Unaweza kulijaribu leo hii. Kunja ngumi uache tundu dogo katikati, ulilenge kwenye foromali ya mashua inayopita, bila kuona ncha zake. Utaona mstari wa mshazari unasogea. Je, mashua inakwenda mbele? Au foromali inapandishwa? Au yote mawili? Huwezi kujua. Ndani ya tundu unaona tu jinsi mstari unavyohama kwa kuukingama. Kusogea kwake kwa urefu wake hakuonekani. Kompyuta hutazama picha kupitia matundu ya namna hiyo maelfu kwa maelfu, kila moja likiwa na upana wa pikseli chache.

Mwaka 1981 ulikuwa na baraka ya pekee katika fani hii. Berthold Horn na Brian Schunck walipendekeza kwamba vishale vya majirani visipishane ghafla: mtiririko wote uwe laini kadiri mwanga unavyoruhusu, na hivyo mstari usiojua unakokwenda usaidiwe na ncha inayojua. Mwaka huohuo Bruce Lucas na Takeo Kanade walishika njia nyingine: chukua kidirisha kidogo, useme vyote vilivyomo vimehama pamoja, utafute uhamisho mmoja unaovitosha. Kidirisha kikiwa na kona ndani yake, jibu ni moja tu. Kikiwa na mstari mtupu, majibu hayana idadi, na hesabu yenyewe inakuonya.

Kwa hiyo kwenye mashua unatafuta kona. Ncha ya foromali. Kilele cha mlingoti. Mwisho wa ubao wa kukalia. Na lile jicho la duara la mbao lililopakwa rangi na kupachikwa omoni, yaani mbele ya mashua, lenye mwezi na nyota, ambalo mafundi wetu wamekuwa wakiliweka tangu kale. Kwangu lilikuwa zawadi kubwa: rangi zake zinapishana vikali, na haliyumbi kama tanga. Tanga nililiacha kabisa. Tanga linavuta pumzi, linabadilika umbo kila upepo unapobadilika, na hesabu nitakayoieleza sasa hudai kitu kisichobadilika umbo.

Hesabu hiyo nayo ni ya mwaka 1981. Christopher Longuet-Higgins, aliyejulikana kwanza kama mwanakemia wa nadharia, alichapisha katika jarida la Nature njia ya kupata mwendo kutokana na picha mbili na nukta 8. Wazo lake linashikika. Fikiria kamera mahali pa kwanza, kamera mahali pa pili, na nukta moja wanayoiona wote wawili. Ni pembetatu, na pembetatu siku zote hulala juu ya ubao mmoja bapa. Sharti hilo la ubapa likiandikwa kwa hesabu, kila nukta hutoa mlinganyo mmoja. Kinachotafutwa ni jedwali la namba 9, mistari 3 kwa safu 3. Ukizizidisha zote kwa namba moja hakuna kinachoharibika, basi zisizojulikana ni 8, na nukta 8 zinatosha. Ndani ya jedwali hilo umefichwa mgeuko na mwelekeo wa mwendo, na ukishavipata unaweza kurudi na kuchora umbo la kitu chenyewe.

Utasema: lakini kamera yangu ilikuwa palepale ukutani, iliyohama ni mashua. Hesabu haioni tofauti. Mashua kwenda mbele huku kamera imetulia ni sawasawa na mashua kutulia huku kamera ikirudi nyuma, mradi utumie nukta za mashua peke yake.

Hapo ndipo nilipokwama mara ya kwanza. Programu ilinijibu kwamba mashua haikuhama kabisa. Nilikagua kila mstari wa programu kwa siku mbili, kisha nikazichora nukta zenyewe juu ya picha, nikaona: nyingi zilikuwa kwenye mikoko ya Manda, kisiwa cha ng'ambo, nyuma ya mashua. Mikoko haikuhama, kamera haikuhama, na jibu lilikuwa sahihi kwa nukta zile. Dawa yake ilitolewa na Martin Fischler na Robert Bolles, nao, kama utaniamini, ni mwaka 1981: chagua nukta chache kwa bahati nasibu, tafuta mwendo unaozitosha, kisha hesabu nukta nyingine ngapi zinakubaliana nao. Rudia mara nyingi. Mwendo wenye wafuasi wengi ni wa kitu kimoja. Ukishaziondoa nukta zake, rudia kwa zilizobaki, utakipata kitu cha pili. Mikoko ilipotoka, mashua ikajitokeza.

Kuna jambo katika nukta 8 linalostahili kusimama kidogo. Kitu kigumu, kisichobadilika umbo, kina njia 6 za kuhama: kinaweza kwenda mbele, kando na juu, na kinaweza kugeuka kwa namna tatu, nahodha anazijua zote, kwa kuwa mashua hulala upande, huinua omo, na hugeuza uso. Lakini jedwali la Longuet-Higgins lina uhuru wa namba 5 tu. Ndiyo maana David Nistér, mwaka 2004, aliweza kutoa njia ya haraka ya kulipata kwa nukta 5 badala ya 8. Tatu ni za kugeuka, mbili ni za kuelekea. Ya sita iko wapi? Ya sita ni ukubwa wa hatua, ni mita tatu au ni sentimita ishirini. Ni kile kimashua cha mtoto kimerudi tena, safari hii kupitia mlango wa hesabu.

Kugeuka na kuhama navyo havina tabia moja. Geuza shingo yako taratibu ukiwa umesimama mbele ya bahari: nguzo ya gati iliyo jirani nawe, na mikoko iliyo ng'ambo, hupita machoni mwako kwa kasi ileile. Tembea ukingoni: nguzo inapita mbio, mikoko inajivuta. Katika milinganyo, sehemu ya kuhama hugawanywa kwa umbali, na sehemu ya kugeuka haigawanywi. Maana yake ni kwamba ukiigeuza kamera papo hapo, hata mchana kutwa, hutajua lolote kuhusu umbali wa vitu. Lazima kuwe na kuhama.

Sasa kipande kilichonisumbua zaidi. Ami alitaka pia kujua alikata upepo kwa pembe gani alipokuwa akibisha, yaani akienda mshazari dhidi ya upepo: mashua ilikuwa imeelekea wapi hasa. Ubavu wake ukiwa kwangu, urefu wake kwenye picha ni pikseli 45. Ikigeuka nyuzi 10, urefu huo hupungua mpaka pikseli 44.3. Nyuzi 10 ni jambo kubwa kwa nahodha, na kwenye picha ni chini ya pikseli moja! Badiliko dogo kiasi hicho humezwa na mtetemo wa mkono wangu. Mashua ikiwa imenielekea omo, nyuzi 10 zilezile huonekana waziwazi. Kumbe ubora wa jibu hauko kwenye programu peke yake. Uko kwenye mahali uliposimama.

Na umbali ukizidi, linakuja fumbo ambalo kila mvuvi wa hapa analijua bila hesabu. Wakati wa magharibi, jahazi likiwa mbali na limekuwa jeusi mbele ya anga, huwezi kusema linakuja au linakwenda. Tanga lilelile, mwinamo uleule. Shimon Ullman alithibitisha mwaka 1979 kwamba nukta 4 zisizolala kwenye ubao mmoja, zikionekana mara 3, zinatosha kujenga umbo la kitu kigumu hata kama kiko mbali kiasi kwamba ukaribu na umbali wa sehemu zake hauonekani. Lakini njia hiyo hukuachia picha yake ya kwenye kioo: umbo lililogeuzwa, likizunguka kinyume, hutoa picha zilezile. Wazee husubiri. Jahazi likikua, linakuja. Kompyuta nayo haina ujanja mwingine ila kusubiri vivyo hivyo.

Kusubiri kwa hesabu kuna fundi wake. Rudolf Kalman alitoa mwaka 1960 njia ambayo ilikuja kutumika katika kuongoza vyombo vya Apollo kwenda mwezini. Kila mara unakisia kitu kitakuwa wapi, unatazama, unapima tofauti, kisha unasahihisha kisio lako kidogo au sana kulingana na unavyouamini upimaji wako. Mwaka 1986 Ted Broida na Rama Chellappa waliitumia fikra hii kukadiria mwendo wa kitu kutoka kwenye picha zenye makosa. Nilipoitia kwenye video yangu, mwelekeo wa mashua uliokuwa ukirukaruka nyuzi 20 huku na huku ukatulia. Ami alipoelezwa alisema tu kwamba ndivyo mtu anavyoshika usukani usiku.

Tumebakiwa na mita.

Njia ya kwanza ya kuzipata ni kuwa na macho mawili, ukiwa unajua yameachana kiasi gani. Simu yenye kamera mbili zilizoachana sentimita 1 au 2 haitasaidia kwa mita 300. Hata zingeachana sentimita 10, tofauti kati ya picha zao ingekuwa nusu pikseli. Lakini binamu yangu akisimama na simu yake mita 50 kutoka kwangu, tofauti inakuwa pikseli 250. Tulijaribu hivyo siku nyingine. Ugumu wake ni saa: simu mbili zikipishana nusu sekunde, mashua imekwishahama mita moja na nusu, na kosa lote linaingia kwenye umbali. Tulipiga kofi mbele ya simu zote mbili kabla ya kuachana, tukalinganisha sauti baadaye.

Njia ya pili ni mvuto wa dunia, na hii inanifurahisha kuliko zote. Kimashua cha mtoto, kilicho kidogo mara 15, hakiwezi kuyumba kwa utulivu wa mashua kubwa. Mvuto haupungui kwa sababu chombo ni kidogo. Muda wa kuyumba hufuata kipeuo cha pili cha urefu, kwa hiyo kitatikisika upesi karibu mara 4. Pikseli 45 kwa 45 ni zilezile, pikseli 15 kwa sekunde ni zilezile, lakini mtikisiko unakifichua. Wapiga filamu wanaotumia vyombo vidogo vya kuigiza hupiga picha nyingi zaidi kwa sekunde ili kuficha jambo hilihili. Na simu zetu zina kipimo ndani yake kinachohisi mvuto na msukumo. Kamera inayotembea ikiunganishwa nacho hupata mita bila kuambiwa na mtu.

Njia ya tatu ndiyo inayotumiwa na mitandao ya neva ya siku hizi, yaani programu zinazojifunza kwa kuonyeshwa mifano mingi: uzoefu. Mtandao ulioitwa FlowNet, wa mwaka 2015, ulijifunza mtiririko wa picha kwa kuonyeshwa maelfu ya picha za viti vilivyobandikwa juu ya mandhari na kuhamishwa kwa kompyuta, maana hapo jibu sahihi linajulikana. Mwingine, RAFT wa mwaka 2020, uliupita kwa mbali. Mitandao mingine hukadiria umbali kutoka picha moja tu, kwa kuwa imeona magari mengi na inajua gari lina ukubwa gani. Picha za kuifundishia baadhi yake zimetoka barabarani. Mkusanyo maarufu wa KITTI, wa mwaka 2012, ulirekodiwa kwa gari lililozunguka Karlsruhe na viunga vyake, Ujerumani. Ninaiheshimu kazi hiyo sana. Lakini mji wetu ni wa vichochoro na punda, na mtandao uliolelewa na magari ukiletewa mashua hukisia ukubwa wake kwa kumbukumbu ya vitu vingine. Picha za bahari yetu zinapaswa kukusanywa na kupimwa na sisi wenyewe, na nimeanza kuzikusanya.

Kwa jibu la ami nilitumia rula ya kale zaidi. Nilikuwa nimedhani foromali yake ni mita 10, na kwa dhana hiyo video ilitoa mwendo wa mita 2.8 kwa sekunde. Asubuhi moja maji yalipotoka tukashuka hadi mashua ilipolala mchangani. Ami akaipima foromali kwa pima, mikono imetanuliwa, kifua kwenye mti, akisogea na kuhesabu kwa sauti: pima 6 na dhiraa moja. Nami nikapitisha futi ya chuma. Mita 11.4.

Nilikaa chini ya kivuli cha mashua nikabadilisha namba moja kwenye programu. Kila kitu kikakua kwa asilimia 14: umbali, urefu, mwendo. Mita 3.2 kwa sekunde, noti (maili za baharini kwa saa) 6 na kidogo.

"Kidogo gani?" akauliza ami.

"Noti 6.2."

Akatazama upande wa Manda, pale boya lilipokuwa siku ile. "Upepo ulikuwa umelegea," akasema. "Uje tena kusi ikishika."